Kupima Udongo wa Kukinga Ghala na Moto

Kuanzia Agosti hata Oktoba nyasi za Uyole hukauka, na moto wa porini hurusha cheche mbele ya upepo. Ghala la fito huteketea pamoja na chakula cha mwaka. Zamani Wahehe wa Iringa walifunika mapaa ya tembe zao kwa udongo, nao udongo hauungui.

Lakini sharti upimwe kwanza. Suka vipande viwili vya fito. Kimoja ukikandike kwa udongo mtupu wa kichuguu, cha pili kwa udongo huo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Vikauke kivulini, kisha uvisimamishe karibu na moto wa nyasi, mbali na nyumba, maji yakiwa tayari. Tazama nyufa, maana hapo ndipo moto hupenya. Udongo usiopasuka ndio wa kukandikia ghala, pamoja na dari juu ya mahindi. Paa la majani lenyewe haliokoki. Mvua zikiisha, ziba palipooshwa.