SOMO: Barua za Matangazo Tusizoziomba



Somo letu linahusu barua pepe za matangazo ya biashara ambazo kampuni huwatumia watu wasioziomba. Wengi huziita barua taka. Mtu anaweza kuuliza: jambo hili linahusu nini amani? Tumelichagua kwa sababu lilitupata sisi wenyewe, na kosa lilitoka kwetu.

1. Yaliyotupata

Katika semina moja ya upatanisho tulipitisha karatasi ya mahudhurio kama kawaida. Kila mmoja aliandika jina, kijiji alichotoka na nambari ya simu. Vijana waliandika pia anwani ya barua pepe. Baadaye kampuni moja ilimwomba mwenzetu orodha hiyo, ikisema inataka kuwajulisha vijana juu ya masomo ya kompyuta. Mwenzetu akaitoa, akidhani anawatendea mema.

Haukupita muda mrefu, matangazo yakaanza kuingia: kwanza masomo, kisha mikopo, kisha vitu vya kampuni ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Kijana mmoja alikuwa anangojea jibu la ombi la kazi. Jibu lilifika, lakini lilifunikwa na matangazo, naye akaliona siku ya kujitokeza ikiwa imekwisha kupita. Mama mmoja alituuliza: "Jina langu niliwaachia ninyi. Mmempa nani mwingine?" Katika mkutano uliofuata, watu kadhaa walikataa kuandika majina yao. Hatukuweza kuwalaumu.

2. Desturi hii ilianza zamani

Mwezi wa Mei 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Marekani iliyoitwa DEC, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET. Wakati huo mtandao huo ulikuwa chini ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Anwani zilitolewa katika kitabu kilichochapwa ili watumiaji waweze kutafutana kwa kazi zao. Wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao walimkanya.

Tuangalie vizuri kosa lilikuwa wapi. Kitabu kile hakikuibwa. Kilitengenezwa kwa kazi moja, kikatumiwa kwa kazi nyingine, na wenye majina hawakuulizwa. Ndilo kosa tulilolifanya sisi na karatasi yetu.

Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, walisambaza tangazo katika maelfu ya vikundi vya mazungumzo vya mtandao. Waliahidi kuwasaidia watu, kwa malipo, kuingia katika bahati nasibu ya kibali cha kuishi Marekani. Lakini yeyote aliyestahili angeweza kujiandikisha mwenyewe bila kumlipa wakili. Mpaka leo, anayetafuta njia ya kutoka katika taabu ndiye anayelengwa kwanza na matangazo ya namna hii.

3. Kwa nini hayaishi

Kutuma barua 1 au barua 100,000 kunamgharimu mtumaji karibu sawa. Mzigo unamwangukia anayepokea: mega zake, wakati wake, nafasi katika simu yake. Hata wakinunua watu wachache sana, mtumaji anapata faida.

Anwani hupatikana kwa njia nyingi. Kuna kampuni zinazouziana orodha. Kuna programu zinazookota anwani zilizoandikwa wazi kwenye intaneti, na nyingine hubahatisha tu kwa kuunganisha majina yanayojulikana. Na kuna orodha zinazotoka mikononi mwa watu walioaminiwa.

4. Sheria inasema nini

Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba mtu binafsi aombwe ruhusa kabla ya kutumiwa matangazo kwa barua pepe, isipokuwa mteja aliyekwisha kununua vitu vya namna hiyo kwa kampuni hiyo. Marekani ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2003 inaruhusu kutuma, lakini mtumaji asidanganye juu ya jina lake wala kichwa cha barua, na lazima atoe njia ya kukataa. Hapa kwetu Kongo, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu ya kulinda habari za mtu binafsi.

5. Wewe unayepokea ufanye nini

- Kama mtumaji ni kampuni unayoijua, tumia njia ya kujiondoa iliyoandikwa chini ya barua.
- Kama humjui, usijibu wala usibonyeze kitu. Ukijibu, atajua kwamba anwani yako ina mtu. Iweke alama ya barua taka.
- Uwe na anwani mbili: moja ya kazi na jamaa, nyingine ya kujiandikisha mahali usipopajua.
- Barua inayoomba pesa ili upelekwe nchi nyingine kwa jina la HCR ni ya uongo. Huduma za HCR hazilipiwi.

6. Sisi tunaoshika orodha

Orodha ya mkutano wa amani inaonyesha nani alikuja, anatoka wapi na anapatikana namna gani. Leo inaweza kumfikia muuzaji wa simu. Kesho inaweza kumfikia anayemtafuta mtu kwa ubaya. Kwa hiyo tulirudi kwa wale tuliowakosea, tukaomba msamaha mbele ya wote, na tukakubaliana hivi:

- Kabla ya kuandika jina, mtu aelezwe linaandikwa kwa kazi gani na nani ataliona.
- Asiyetaka kuandika simu au barua pepe aachwe, bila kunyimwa nafasi.
- Orodha isipewe mtu mwingine bila wenyewe kuulizwa, hata akija na neno zuri.
- Tukiwaandikia wengi kwa mara moja, anwani zao ziwekwe mahali palipoandikwa Cci, ili wasionane.
- Kazi ikiisha, karatasi zisizohitajika zichomwe.

7. Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

a) Ni nani wanaoshika majina yetu hapa kambini, na kwa kazi gani?
b) Umewahi kupata tangazo usiloliomba? Unafikiri walikupata namna gani?
c) Kiongozi akiombwa orodha na mtu anayeahidi msaada, amjibu nini?

Yule mama aliyetuuliza alirudi kwenye mkutano wa tatu. Aliandika jina lake, akaacha nafasi ya simu wazi. Tulimshukuru.