Anza na Namba ya Chesisi: Ununuzi wa Pikapu Iliyotumika katika Pwani ya Mtwara

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia katika akaunti za wakulima baada ya minada, wapo wanaoamua kununua pikapu. Uamuzi huo una mantiki. Kutoka Naliendele hadi Nanyamba na Tandahimba, gari la kubebea magunia, salfa, mbao au samaki huweza kumlisha mwenye nalo mwaka mzima. Hata hivyo, fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka. Mkulima aliyeitoa yote kwa gari bovu hana fedha nyingine ya kurekebisha kosa hadi msimu ufuatao.

Umri peke yake si kasoro. Toyota Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 3L, ya ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, haina kompyuta ya kusimamia mafuta, na fundi mzoefu huweza kuifungua na kuifunga kwa vifaa vya kawaida. Injini ikifa hupatikana nyingine. Klachi, rejeta na springi hubadilishwa. Mambo mawili hayana tiba nyepesi: chesisi iliyooza, na kadi ya usajili isiyolingana na gari lenyewe. Mambo hayo hukutana mahali pamoja, nayo ni pale ilipogongwa namba ya chesisi.

Namba, kisha chuma

Katika pikapu nyingi za aina hiyo, namba ya chesisi hugongwa kwenye chuma cha chesisi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Omba kadi halisi, si nakala wala picha ya simu, kisha safisha matope kwa brashi na usome herufi moja baada ya nyingine. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na namba fupi isiyofikia tarakimu 17. Ufupi huo si dosari. Herufi za mwanzo nazo zina habari: Hilux inayoanza na LN ilitoka kiwandani na injini ya dizeli ya familia ya L, ilhali RN na YN zilikuwa za petroli. Ikiwa namba inaanza na RN na chini ya boneti kuna dizeli, injini imebadilishwa, na kadi inapaswa kuonyesha mabadiliko hayo. Angalia pia kama chuma kilichozunguka namba kimesagwa, kimechomelewa au kimepakwa rangi mpya peke yake. Namba isiyosomeka huweza kukwamisha uhamisho wa umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na huweza kumfanya mnunuzi ahojiwe na polisi kwa gari alilolilipia kihalali.

Ukiwa umeinama hapo, usinyanyuke haraka. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa chesisi, na pwani hii ina chumvi ya kutosha: upepo wa bahari, mchanga wa Msimbati, mashamba ya chumvi, maji yanayochuruzika kutoka kwenye matenga ya samaki. Tatizo hili si la kwetu pekee. Nchini Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kampuni ya Toyota mwaka 2008 ilianza kununua tena pikapu zake za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ambazo chesisi zake zilikuwa zimelika. Kwa hiyo jina la mtengenezaji, hata liwe na sifa kiasi gani, halizuii kutu.

Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinapofungwa, kwa kuwa matope hukaa humo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huzama. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari zima siku chache kabla ya kuuzwa inafaa kutiliwa shaka kuliko kutu inayoonekana wazi. Muulize muuzaji gari lilibeba nini. Kama lilibeba samaki au chumvi, kagua mara mbili.

Injini iombwe ikiwa baridi: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Moshi wa buluu usiokoma unaashiria kuungua kwa oili. Usomaji wa kilomita usiutegemee. Mpira wa pedali uliolika husema zaidi.

Kadi ina jina la nani?

Pikapu kuukuu mara nyingi imepita mikono mitatu au minne bila umiliki kuhamishwa. Anayekuuzia anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, na bado asiwe mmiliki kisheria. Jina katika kadi likiwa la mwingine, mtafute huyo mwingine. Akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ridhaa ya mjane au ya mtoto mkubwa haitoshi. Gari lililotoka serikalini lazima liwe na hati za mnada na namba ya kiraia. Faini za barabarani zisizolipwa hufuata namba ya gari, hivyo ziulizie kwa polisi wa usalama barabarani kabla ya kulipa. Ada ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa kila mwaka ilifutwa katika mwaka wa fedha 2017/18. Dalali anayeidai leo hana msingi.

Sheria inamlinda nani

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka kila muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza. Kuhusu ubora, kinga ni finyu zaidi: humwelemea anayefanya biashara ya bidhaa hiyo, wala haigusi kasoro ambazo ukaguzi uliofanywa na mnunuzi ulipaswa kuzibaini. Jirani anayeuza pikapu yake moja si mfanyabiashara wa magari. Kwake, maneno ya mdomo kwamba gari "halina shida" yana uzito mdogo, ila yakiandikwa katika mkataba hubadilika kuwa ahadi inayodaiwa. Mkataba utaje namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, hali iliyoelezwa, bei na tarehe, ushuhudiwe na wakili, na malipo yapitie benki kwa jina lililo katika kadi. Inashauriwa sehemu ya bei ibaki hadi TRA itakapokamilisha uhamisho. Muuzaji akikataa sharti hilo, mwombe aeleze sababu kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Malalamiko dhidi ya mfanyabiashara wa magari hupelekwa Tume ya Ushindani. Dhidi ya mtu binafsi, mahakamani. Na penye dalili za kughushi namba au kadi, polisi. Kote huko utaulizwa mkataba na stakabadhi ya benki.