Tuchague Lenzi Gani?

Katika mahafali ya Kidato cha Nne yaliyopita, mama mmoja alipanda jukwaani kumvisha mwanawe shada la maua. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na taa za bwalo ni hafifu. Kijana wa Chama cha Picha alibonyeza kamera kwa wakati wake barabara. Lakini tulipoitazama picha, mama na mwana walikuwa kama watu waliomo ndani ya moshi: mkono umekuwa mikono mitatu, na uso hautambulikani. Siku ya pili mama alikuja kuiomba picha ile. Mimi niliye mlezi wa chama sikuwa na la kumpa ila pole.

Tangu siku ile wanachama walidai lenzi mpya, na Mwalimu Mkuu akakubali kutupa fedha za lenzi moja tu. Wengi walitaka lenzi ya kuvuta ya mm 18 hadi 300, kwa kuwa namba yake ni kubwa. Nimeona yafaa nieleze hapa jinsi tulivyofikiri hata tukakata shauri, ili na mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe kamera apate faida.

Kwanza, eneo lionekanalo

Zamani kamera nyingi zilitumia filamu ya mm 35, na kila picha katika filamu ile ilikuwa na upana wa mm 36 na kimo cha mm 24. Siku hizi mahali pa filamu pamewekwa kihisi, yaani kibao kidogo kinachopokea nuru. Kamera yetu ni Nikon D5300, na kihisi chake kina upana wa mm 23.5 na kimo cha mm 15.6. Kwa udogo wake, hupokea sehemu ya katikati tu ya sura ambayo filamu ingepokea.

Gawanya 36 kwa 23.5, utapata kama 1.5. Kwa hiyo lenzi yenye urefu wa fokasi wa mm 50 hutuonyesha eneo lile ambalo lenzi ya mm 75 ingeonyesha katika kamera ya filamu. Lenzi haikubadilika, eneo ndilo lililopungua. Kadhalika, lenzi ya mm 24 kwetu huwa kama ya mm 36, na darasa zima halienei katika picha ikiwa mpigaji amekwisha kugota ukutani. Basi lenzi ya kazi nyingi kwa kamera ya namna hii hapana budi ianzie kama mm 16, 17 au 18.

Pili, nuru

Kila lenzi ina tundu la kupitishia nuru, na ukubwa wake huandikwa kwa namba ya f. Namba hiyo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu kama lionekanavyo kwa mbele. Lenzi ya mm 50 katika f/5.6 ina tundu la kipenyo cha mm 9 hivi, katika f/2.8 ni mm 18 hivi. Kipenyo kimekuwa mara mbili, lakini eneo la tundu limekuwa mara nne, na nuru kadhalika.

Lenzi yetu ya zamani ni ya mm 18 hadi 55. Ikivutwa hadi mwisho, haiwezi kufunguka kupita f/5.6. Picha ya yule mama ilipigwa hivyo, na kilango cha kamera kikakaa wazi kwa 1/30 ya sekunde. Kwa f/2.8 ingetosha 1/125, na mkono wa mama usingeonekana mitatu. Mtu aweza kusema kwamba lenzi ina kitulizo cha mtikisiko. Ni kweli, nacho humsaidia mpigaji ambaye mkono wake watetemeka. Lakini hakimzuii mpigwa picha asitembee.

Tatu, kazi yenyewe

Kila picha huhifadhiwa pamoja na maandishi ya urefu wa fokasi na namba ya f. Niliwaambia wanachama wasome maandishi hayo kwa picha zote za mwaka mzima. Walikuta kwamba nyingi zilipigwa kati ya mm 18 na 35, darasani, maabarani na bwaloni. Zilizoharibika, nyingi ziliharibika kwa kukosa nuru. Zilizokosa umbali zilikuwa chache, nazo ni za mpira.

Hapo ubishi ulikwisha. Tulichagua lenzi ya mm 17 hadi 50, yenye f/2.8 mwanzo hata mwisho. Kwa mpira tutasogea karibu na mstari, au tutaikata picha. Kamera yetu hutoa picha za pikseli milioni 24. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, hubaki milioni 6, na eneo huwa kama la lenzi ya mm 100. Hizo zatosha kwa ukurasa wa gazeti hili.

Sisemi kwamba kila mtu anunue kama sisi. Mzazi apendaye kupiga wanyama wa Mikumi au michezo ya mchana atafaidika zaidi na mm 18 hadi 140, maana juani nuru haina shida. Ila kabla ya kulipa, na ahakikishe mambo mawili. Kamera kama yetu haina mota ya kulengea ndani yake; lenzi isiyo na mota yake italengwa kwa mkono. Tena, ikiwa lenzi imekwisha kutumika, aimulike kwa tochi atazame kama vioo vina ukungu.

Picha ya yule mama haitarudi. Mahafali yajayo pia yatamalizika jioni, nasi tutakuwa tayari.

Zoezi

Lenzi ya mm 35 imefunguliwa f/2. Kipenyo cha tundu ni mm ngapi? Likifungwa hadi f/4, nuru inayobaki ni sehemu gani ya ile ya kwanza? Majibu yaletwe maabara ya fizikia.