Matembezi ya Kuchunguza Ndege na Vipepeo: Kutoka Mji Mkongwe hadi Jozani

Matembezi ya kuchunguza viumbe ni somo kamili, wala si mapumziko ya darasa. Mwanafunzi aingiaye msituni bila swali hurudi na furaha ya safari tu. Katika makala haya twaeleza jinsi mwanachuo awezavyo kuandaa matembezi hayo mwishoni mwa kipupwe, kabla ya mvua za vuli.

Maandalizi

Somo lianzie skuli. Wanafunzi wa Mji Mkongwe wahesabu ndege waonekanao uani kwa robo saa. Yamkini kunguru watakuwa wengi. Mwalimu aeleze kwamba kunguru hawa si wenyeji wa Unguja: waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, nao hula mayai na makinda ya ndege wengine. Hapo swali la safari litazaliwa: Je, msituni tutakuta ndege gani tusiowaona mjini?

Msitu wa Jozani, ambao tangu mwaka 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa, uko takriban kilomita 35 kutoka mjini. Mwalimu hana budi kuomba ruhusa na kuipita njia yote kabla ya siku ya safari.

Msituni

Darasa lifike mapema, maana ndege hulia zaidi asubuhi. Wanafunzi wasimame kimya dakika tano, wasikilize kabla ya kutazama. Wakimwona hondohondo au chozi, mwalimu asiharakishe kutaja jina. Aulize: Mdomo wake una umbo gani? Wafaa kwa chakula gani? Majina yafuate baadaye, pamoja na yale watumiayo wazee wa nyumbani kwao.

Vipepeo huhitaji joto ili waruke. Basi watafutwe jua likishapenya mitini. Wasikamatwe, kwani magamba madogo ya mabawa yao hubanduka yakishikwa. Kila kikundi kiandike: ametua wapi, na anafanya nini?

Baada ya safari

Tunashauri uchunguzi uendelee kwenye mlimau au mdimu ulio karibu na skuli. Yuko kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano atagaye mayai katika majani yake. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, hivyo ndege humpita. Akikua huwa kijani, na akisumbuliwa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali.

Watoto wengi humponda kila kiwavi wamwonaye. Wafundishwe kwamba wapo viwavi wenye manyoya wawashao, lakini huyu hawashi. Awekwe pamoja na tawi katika chupa pana iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, apewe majani mabichi kila siku mpaka awe pupa, kisha kipepeo, ndipo aachiliwe.

Mwisho, darasa liulizwe: Mlimau huu ukikatwa, nani atakosa mahali pa kutaga? Wakishajibu, waulizwe swali hilo hilo juu ya msitu wa Jozani. Majibu yao ndiyo kipimo cha somo.