Kulifunza Sikio: Mazoezi ya Msamiati, Sarufi na Kusikiliza katika Somo la Kiingereza

Utangulizi

Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, Kiingereza kimebaki katika shule zetu nyingi kuwa somo lenye vipindi vyake katika ratiba. Mtoto wa Songea, Namtumbo au Mbinga hukisikia ndani ya vipindi hivyo, na aghalabu hakisikii mahali pengine popote. Nyumbani anasema Kingoni, Kindendeule, Kimatengo au Kiswahili. Sokoni na uwanjani anasema Kiswahili. Lakini siku anapoingia Kidato cha Kwanza, Biolojia na Hisabati humjia kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na W. A. Dodd, waliochunguza ufundishaji wa Kiingereza nchini, waliandika kwamba kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Hoja hiyo bado i mbele ya kila mwalimu wa shule ya msingi, kwani yeye ndiye awekaye msingi.

Katika makala haya tunataka kuwaonyesha wanachuo jambo moja: kwamba msamiati, sarufi na kusikiliza si masomo matatu ya kutengwa, na kwamba njia ya kuyaunganisha ni kuanza na sikio la mwanafunzi.

Kichwa cha neno na mkia wa neno

Tuchunguze kwanza lugha ambayo mtoto anayo tayari. Katika Kiswahili twasema kitabu na vitabu, mtoto na watoto. Katika Kingoni mtu ni mundu, na watu ni vandu. Alama ya umoja na wingi imekaa mwanzoni mwa neno. Kadhalika katika kitenzi cha Kiswahili: analima, alilima, atalima. Nafsi na wakati vimetangulia mzizi. Ni kweli kwamba Kiswahili kina viambishi vya mwishoni, kama katika pigia na pigwa. Lakini mtoto anayetaka kujua ni nani, ni wangapi na ni lini, huelekeza sikio lake mwanzo wa neno.

Kiingereza hufanya kinyume. Tofauti ya “book” na “books” imo mwishoni. Tofauti ya “plant” na “planted” imo mwishoni. Tofauti ya “I cook” na “she cooks” imo mwishoni vilevile. Tena mara nyingi alama hiyo ni konsonanti moja tu, isiyo na irabu ya kuibeba, nayo hutamkwa kwa haraka na bila mkazo. Mtoto aliyezoea kusikiliza kichwa cha neno huuacha mkia upite.

Kuna jambo la pili linalozidisha ugumu huo. Maneno ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na maneno tuliyoyapokea kutoka Kiingereza tumeyavika irabu hiyo: basi, shati, blanketi, benki. Kwa Kiswahili hayo ni maneno sahihi kabisa. Lakini mwanafunzi akirudi nayo katika kipindi cha Kiingereza na kusema “shati” badala ya “shirt”, hana tena mahali pa kuitia ile “s” ya wingi. Irabu aliyoiongeza imeufunika mkia.

Basi mwanafunzi anapoandika “two book” au “yesterday we plant maize”, mwalimu asiharakishe kusema kwamba hajui sarufi. Huenda kanuni ameikariri vizuri. Ila sikio lake halijapata kuisikia alama hiyo, na ulimi hauwezi kulitoa lile ambalo sikio halikulipokea. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Mazoezi ya sauti

Hatuna haja ya kumfundisha mtoto wa darasa la nne elimu ya fonetiki. Yatosha kumzoeza kutofautisha sauti chache ambazo lugha yake haizitenganishi. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, kama kinavyoelezwa kwa kawaida, kina sauti za irabu zipatazo 20. Ndiyo maana “ship” na “sheep” huwa neno moja katika masikio ya wengi, na “cat” na “cut” hukutana katika “a” yetu moja.

Njia iliyo rahisi ni hii. Andika ubaoni “ship” chini ya namba 1 na “sheep” chini ya namba 2. Kisha geuka, utamke neno moja, na wanafunzi wainue kidole kimoja au viwili. Wasitamke lolote kwanza. Baada ya majaribio kama kumi, utaona ni nani anasikia na ni nani anatazama vidole vya jirani yake. Waambie wafumbe macho, na ukweli utajulikana. Darasa likiwa na wanafunzi 80, zoezi hili halidai zana yoyote wala halizidi dakika tatu.

Penye daraja kati ya lugha zetu na Kiingereza, tulitumie. Sauti ya kwanza ya “think” ndiyo ile ya thamani, na ya “this” ndiyo ile ya dhahabu. Mtoto anayesema “samani” na “zahabu” atasema pia “sink” na “zis”. Mwalimu akimrekebisha katika Kiswahili, amemsaidia katika lugha mbili kwa mara moja.

Mazoezi ya msamiati

Mwaka 1953 Michael West, aliyewahi kufundisha huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno 2,000 hivi ya Kiingereza ambayo mwanafunzi hukutana nayo mara kwa mara. Fundisho tunalolipata kwake ni kwamba maneno hayalingani kwa manufaa, na mwalimu hana budi kuchagua. Sisi twaongeza kigezo kingine: neno la kuanzia liwe la kitu ambacho mtoto anakijua kwa mikono yake. Mtoto wa Songea anajua hindi tangu mbegu hadi ghalani. Wa Mbinga anajua kahawa. Wa Tunduru anajua korosho. Wa Mbamba Bay anajua samaki wa Ziwa Nyasa. Tukianzia hapo, mtoto anajifunza jambo moja jipya, yaani neno. Kitu chenyewe anacho.

Maneno matano hadi manane yanatosha kwa kipindi kimoja. Yaanzishwe kwa mdomo na kwa kitendo kabla ya kuandikwa. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alieneza njia ya kumtaka mwanafunzi atii amri kwa mwili kabla hajatakiwa kusema: simama, tembea, beba, weka chini. Njia hiyo yafaa sana katika madarasa yetu. Mtoto anayebeba ndoo aliposikia “carry” amekwisha kuonyesha kwamba ameelewa, ingawa hajafungua kinywa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba neno lifundishwe pamoja na mkia wake. Usifundishe “egg” peke yake. Shika yai moja useme “an egg”, kisha shika mawili useme “two eggs”. Hivyo msamiati na sarufi huingia kwa mlango mmoja.

Mazoezi ya sarufi

Kanuni ifuate mifano, isiitangulie. Mwanafunzi aliyekwisha kusikia na kusema sentensi 20 za namna moja ataiona kanuni mwenyewe, na mwalimu ataithibitisha kwa sentensi moja ya Kiswahili ikibidi.

Kuna kosa moja linalostahili zoezi lake la pekee. Kiswahili kina “yeye” moja kwa mwanamume na mwanamke, na nafsi hiyo kwa kawaida hujificha ndani ya kitenzi. Kwa hiyo “he” na “she” huchanganywa hata na wanafunzi hodari. Bandika picha mbili, ya baba anayelima na ya mama anayelima. Sema “She is digging”, nao waelekeze kidole. Kisha badilisha. Hapa tena sikio limetangulia ulimi.

Kwa zoezi la kusema, tunapendekeza jedwali la kubadilishia maneno, ambalo ni chombo cha zamani lakini hakijachakaa:

We / They / Amina / My brother
planted / weeded / carried / washed / cooked
onions / all the beans / our beans

Mwanafunzi huchagua neno moja katika kila mstari. Masomo manne, vitenzi vitano na vitendwa vitatu hutoa sentensi 60, zote sahihi. Mwanafunzi dhaifu hapati nafasi ya kukosea muundo, na aliye hodari atataka kuongeza maneno yake mwenyewe, aachwe aongeze.

Mfano wa somo

Darasa: la tano. Muda: dakika 40. Mada: kazi za shamba, jana. Shabaha: mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kutambua kwa kusikia, kusema na kuandika vitenzi vitano katika wakati uliopita.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Marudio ya somo lililopita kwa amri na vitendo.

Hatua ya pili (dakika 8). Vitenzi “plant”, “weed”, “carry”, “wash” na “cook” kwa vitendo na vitu halisi: jembe, mbegu, ndoo, sufuria. Darasa zima liitikie, kisha safu moja moja, kisha wawili wawili, mwisho mmoja mmoja. Utaratibu huo usigeuzwe, maana anayeanza peke yake mbele ya wenzake hutishika.

Hatua ya tatu (dakika 7). Kusikiliza mkia. Mwalimu anasema: “They cook ugali”, na wanafunzi wanainua mkono wa kushoto kwa maana ya kila siku; “They cooked ugali”, wanainua mkono wa kulia kwa maana ya jana. Asiseme “yesterday” wala “every day”, kwa sababu maneno hayo yatamfichulia mwanafunzi jibu, naye ataacha kusikiliza kitenzi. Tena achague neno la kufuata linaloanza kwa irabu, kama “cooked ugali”, “washed onions”, “carried eggs”, ili mkia usikike waziwazi. Mwanachuo atambue kwamba mkia huu una sauti tatu: katika “cooked” na “washed” ni kama t, katika “carried” ni kama d, na katika “planted” na “weeded” ni silabi nzima. Aanze na hizi za silabi nzima, ambazo ni rahisi kusikika, ndipo aende kwenye zile mbili.

Hatua ya nne (dakika 10). Jedwali. Wanafunzi wafanye kazi wawili wawili. Mmoja aseme sentensi, mwenzake aitende au aieleze kwa Kiswahili. Mwalimu azunguke akisikiliza.

Hatua ya tano (dakika 10). Hadithi fupi: “Yesterday Amina and her brother walked to the farm. They carried a hoe and some water. They weeded all the beans. At noon they rested under a tree. In the evening Amina cooked ugali. Her brother washed all the plates.” Isomwe mara tatu. Mara ya kwanza wasikilize tu, kalamu chini. Mara ya pili wajibu maswali mafupi: “Who cooked ugali?” Mara ya tatu sentensi mbili za mwisho ziwe imla. Imla ndiyo itakayokuonyesha kama mkia umefika kwenye daftari.

Mambo tunayoyaona katika ukaguzi

Tunapowatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, mambo matatu hujirudia. La kwanza, mwalimu husema mno na wanafunzi husema kidogo. Dakika 30 hupita kabla ya mtoto wa nyuma kutamka neno. La pili, kuitikia kwa pamoja hudhaniwa kuwa ni kuelewa, kumbe sauti za watatu zimewabeba sitini. La tatu, na hili ni zito zaidi, mwanachuo mwenyewe huumeza mkia wa neno. Akisema “yesterday I plant”, darasa zima litajifunza hivyo kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hilo la tatu, dawa ipo. Mwanachuo aisome hadithi yake kwa sauti siku moja kabla, mbele ya mwenzake mwenye andalio la somo mkononi, naye aweke alama kila mkia unapopotea. Mwenye simu ya mkononi ajirekodi na kujisikiliza. Kazi hiyo haifiki nusu saa, na wanufaika wake ni watoto wote wa darasa lile.

Hitimisho

Mtoto anayemaliza shule ya msingi bila kusikia tofauti ya “plant” na “planted” atakaa katika darasa la sekondari akiandika ubaoni yaliyoandikwa, asijue kama jambo limetokea, linatokea, au hutokea kila mara. Kosa hilo si la akili yake. Sikio lake halikufunzwa mapema, wakati ambapo dakika chache za kila kipindi zingetosha.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Chagua vitenzi vinane vya kazi zinazofanyika kijijini kwenu. Vipange katika makundi matatu kwa kufuata sauti ya mkia wake katika wakati uliopita.

2. Tunga jedwali la kubadilishia maneno kwa ajili ya umoja na wingi. Hakikisha kwamba kila sentensi inayopatikana ina maana.

3. Andaa zoezi la kusikiliza la dakika tano kwa darasa la wanafunzi 80 lisilo na zana yoyote, kisha ulijaribu na wenzako kabla ya kwenda nalo shuleni.