Mkweche Uani: Jinsi ya Kujua Thamani Yake Kabla ya Kutoa Riyal

Somo la leo ni la hesabu. Wengi kati yenu mmekuja na ufundi mikononi: kuna aliyeshika spana Unguja, kuna aliyefanya gereji Dar es Salaam, Bukavu au Bujumbura. Mkifika mji kama Al Hamra, chini ya Jebel Shams, mnakuta magari ya zamani yamelala nyuma ya nyumba na kando ya mashamba ya mitende. Mtu anakwambia, "Nipe riyal 250, lichukue, uza spea." Fedha hiyo huenda ndiyo akiba yote ya nyumba. Usiitoe kabla hujapiga hesabu.

Jambo kubwa la kushika ni hili: gari bovu halina bei ya gari. Lina bei ya vile vitu unavyoweza kuvifungua, kuvibeba na kuviuza, ukishatoa gharama zote. Kutu unayoiona kwa macho ni sehemu ndogo tu ya habari.

Kwa nini yako hapa

Kabla ya mwaka 1970, Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Huku bara watu walipita mabondeni na kwenye njia za mawe, na gari lililofaa lilikuwa la kuvuta kwa magurudumu manne. Hata baada ya barabara kufika, njia za milimani, kama ile ya kutoka Al Hamra kuelekea Hat na Wadi Bani Awf, ziliendelea kutaka gari la namna hiyo. Ndiyo maana mikweche mingi yenye thamani huku ni Land Cruiser za zamani na Land Rover.

Land Cruiser ya mfululizo wa 40 ilitengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984. Leo wako watu wanaozifufua na kuzitunza, na wote wanatafuta vipuri. Hao ndio wateja wako. Gari dogo la kawaida la miaka ya 1990 halina wateja wa namna hiyo, na mara nyingi bei yake ni ya chuma chakavu tu.

Hatua ya kwanza: karatasi

Kaa kwanza na mwenye gari. Huku ukifika kwa mtu unapewa kahawa na tende. Kunywa, uliza hali, kisha uliza historia ya gari: lilisimama lini, kwa nini lilisimama, nani alilifungua mara ya mwisho. Majibu hayo yana thamani kuliko kuzunguka gari mara kumi.

Halafu omba kuona mulkiya, yaani kadi ya umiliki. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Zisipolingana, shukuru kwa kahawa na uondoke. Kama mwenye gari amefariki, gari ni la warithi wote, si la kijana mmoja aliyekupigia simu. Na kabla ya kukata au kufungua chochote, mwenye gari aulize kitengo cha trafiki cha Polisi ya Oman namna ya kulifuta kwenye daftari, ili faini na madeni ya gari visiwafuate nyinyi wala yeye.

Usiguse gari lililotelekezwa bondeni hata kama limekaa miaka. Lina mwenyewe. Kufungua taa moja tu ni wizi, na mgeni mwenye kesi ya wizi anahatarisha makazi ya familia nzima.

Hatua ya pili: jua ni gari gani

Kwenye Land Cruiser hizi herufi zinasema. Herufi ya kwanza ni injini. FJ ni ya petroli, silinda sita: F ya lita 3.9, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970, 2F ya lita 4.2. BJ ni ya dizeli, silinda nne. HJ ni ya dizeli, silinda sita. Tarakimu zinaonyesha urefu: FJ40 ni fupi, FJ43 ni ya kati, FJ45 ni ndefu. Andika herufi, tarakimu na namba ya injini, piga picha. Mnunuzi wa spea atauliza hayo kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya tatu: kutu na jua

Kutu zipo za aina tatu. Kutu ya juu ni rangi ya kahawia tu. Ukipitisha msasa unakuta chuma kizima. Kutu ya magamba inabanduka kama maganda ya mti. Chuma kimepungua unene. Kutu ya matundu imekwisha kula, bisibisi inapita. Ya kwanza haipunguzi bei sana. Ya tatu kwenye mlango ni hasara ya mlango mmoja. Ya tatu kwenye chasisi inaua gari zima kama gari, na hapo ndipo hesabu ya spea inapoanza.

Lala chini utazame chasisi: pale springi zinapofungwa, mkono wa nyuma unaobeba bampa, na ndani ya kona zinazoshika tope. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti iliyokufa. Pitisha sumaku kwenye bodi. Isiposhika, pameziwa kwa fila na kupakwa rangi.

Lakini kwa Land Rover ya zamani, sumaku itakudanganya. Tangu ilipoanza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Haishiki sumaku na haioti kutu nyekundu. Chasisi yake na ukuta ulio kati ya injini na dereva ni vya chuma, na huko ndiko kunakooza. Bodi inayong'aa haikwambii lolote, tazama chini.

Mahali gari lilipolala nako kuna maana. La Sur, kando ya bahari, limeliwa na chumvi kama yale ya Tanga au Mombasa. La Al Hamra limekaa kwenye hewa kavu, na mara nyingi chuma chake kina nafuu. Ila jua limeua kila kitu laini: mipira, mabomba, nyaya, viti, dashibodi. Vyote hivyo viandikie sifuri. Tena uangalie kama liliegeshwa penye maji ya falaj, ambapo udongo hauko mkavu, au kama mafuriko ya bonde yaliwahi kulipitia. Tafuta mstari wa tope ndani ya milango.

Hatua ya nne: vyuma vizito

Injini: toa plagi kama ni ya petroli, kisha jaribu kuizungusha kwa spana kwenye boliti ya mbele ya krenki. Ikizunguka, ina bei. Ikiwa imeganda, usilazimishe. Ihesabu kwa vipande tu. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia.

Giaboksi na difu: fungua nati ya oili, tia kidole. Vumbi laini la chuma ni kawaida. Vipande vya meno ni msiba. Maji yakitoka, mhesabu kama kitu cha kujaribu bahati.

Vitu vidogo: taa, geji, grili, bawaba, vishikio, vioo, nembo. Hivi vinabebeka, havihitaji winchi, na mtu anayefufua gari anavihitaji vyote. Wengi huviacha, wewe vihesabu kimoja kimoja.

Tahadhari: gari lililolala ni nyumba ya nge na nyoka, vaa glavu. Usitegemee jeki peke yake, weka magogo. Usikate tangi la petroli kwa moto hata kama limekauka. Vumbi la breki za zamani huenda lina asbesto. Lilowanishe kwa maji, usilipulize, na watoto wakae mbali.

Hatua ya tano: hesabu

Chora safu tatu: vitu vitakavyouzwa kwa hakika, vitu vitakavyouzwa labda, na chuma chakavu. Vya hakika viandikie bei nzima baada ya kuuliza gereji mbili au tatu. Vya labda viandikie nusu. Chakavu uliza bei ya kilo siku ileile. Huu ni mfano wa kujifunzia, si bei za soko:

Hakika: giaboksi riyal 120, difu mbili 100. Jumla 220.
Labda: milango na vioo 60, taa na geji 50, injini iliyoganda 40. Jumla 150, nusu yake 75.
Mapato ya kutegemea: 295.

Gharama: gari la kuvuta 35, fundi wa kukusaidia siku tatu 60, mahali pa kuweka 30, kuondoa mabaki 20. Jumla 145.

Ukitoa 145 kwenye 295 unabaki na 150. Ukitaka faida ya 50 kwa jasho lako, bei ya juu kabisa unayoweza kulipa ni riyal 100. Yule aliyetaka 250 hakukudanganya. Yeye anauza kumbukumbu zake, wewe unanunua difu. Mwambie bei yako kwa adabu, umwachie namba ya simu.

Gari likiwa na chasisi nzima, namba zinazolingana na karatasi safi, usilifungue hata kama limechakaa. Mtafute anayefufua magari, uliza analinunua zima kwa kiasi gani. Ukishalivunja, hakuna kurudi.

Na kama gari ni la familia yenu, la babu au la ami aliyetangulia kufika, angalia dalali anayetaka giaboksi tu. Anachukua nyama anakuachia mifupa, na mifupa unalipa wewe kuiondoa. Kununua na kuuza mara kwa mara ni biashara, na biashara inataka leseni. Ulizeni kabla ya kuanza.

Maneno ya gereji utakayoyasikia

Makina: injini. Gir: giaboksi. Sikrab: chuma chakavu. Mulkiya: kadi ya umiliki. Kam akhir? Bei ya mwisho ngapi?

Zoezi la nyumbani

Chukueni daftari. Chagueni gari moja bovu ambalo mwenyewe amekuruhusuni kulitazama. Mzazi akague, kijana aandike, mwingine apige simu za bei. Jazeni safu tatu, toeni gharama, mpate tarakimu moja. Msinunue. Rudieni kwa gari la pili na la tatu, mpaka mkono uzoee. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Likija la nne, mtakuwa mnajua la kumjibu mwenye gari kabla kahawa haijapoa.