Chakula cha Mbwa Kipikwacho Nyumbani: Nafaka, Dagaa na Hatari ya Pumba

Katika vilima vya Kasulu na Kibondo, mbwa hula kile kinachotoka katika jiko la nyumba anayoilinda: ukoko wa ugali, mchuzi wa maharage uliobaki, vichwa vya dagaa na mifupa. Wapo wafugaji wanaolisema jambo hili kwa haya, kana kwamba mbwa wao amepunjwa kwa kutolishwa chakula cha mfuko. Hawana sababu ya kuona haya. Chakula cha mbwa cha kiwandani kina umri mdogo. Kilianza kuuzwa mnamo miaka ya 1860, pale James Spratt, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipotengeneza biskuti za mbwa. Karne zote kabla ya hapo mbwa wa dunia nzima waliishi kwa chakula cha nyumbani, na wengi wao wangali wakiishi hivyo.

Hata hivyo, kupika nyumbani si kumtupia mbwa chochote ambacho binadamu amekikataa. Hapo ndipo penye kosa, na somo hili limeandikwa kwa ajili ya kosa hilo. Tumelitia katika kijitabu cha mlaji kwa sababu mwenye mbwa ni mnunuzi kama wanunuzi wengine: hununua pumba mashineni, dagaa sokoni na mapupu buchani, na mara nyingi huuziwa kilicho dhaifu kwa maneno mafupi, "hiki ni cha mbwa tu." Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtaka anayefuga mnyama ampatie chakula na maji ya kumtosha. Mbwa hakutengwa katika sheria hiyo.

Tuanze na swali tunaloulizwa mara kwa mara: je, mbwa si mla nyama kwa asili, na ugali si kinyume cha maumbile yake? Wako wanaofundisha kwamba chakula cha asili cha mbwa ni nyama mbichi na mifupa, wakimfananisha na mbwa mwitu. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa mbwa wa kufugwa ametofautiana na mbwa mwitu katika jambo hili hasa: vinasaba vinavyomwezesha kumeng'enya wanga vimeongezeka mwilini mwake, kwa kuwa ameishi na wakulima kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo ugali ulioiva vema ni chakula halali cha mbwa. Kasoro ya ugali ni upweke wake. Ugali mtupu hushibisha tumbo bila kujenga misuli. Mbwa anayelishwa hivyo huonekana mnene tumboni na mwembamba mgongoni, manyoya yake hufifia, na vidonda vyake huchelewa kupona.

Hesabu ifuatayo ni ya mbwa mzima wa kilo 15 hivi anayezunguka uwanja usiku. Kwa siku moja apikiwe unga wa dona gramu 150, yaani zaidi kidogo ya kikombe kimoja. Maharage makavu gramu 60, ambayo ni kama theluthi ya kikombe kabla ya kupikwa. Dagaa wakavu gramu 40, sawa na konzi mbili ndogo. Na kijiko kikubwa kimoja cha mawese. Mchicha au matembele yaliyochemshwa yaongezwe kidogo yanapopatikana. Chakula hicho kina nishati ya karibu kilokalori 1,000 na protini ya kumtosha. Kwa mwezi ni unga kilo nne na nusu, maharage kilo mbili kasoro, na dagaa kilo moja na robo takriban. Mfugaji apime kwa macho na kwa mkono: mbavu zikihesabika kwa mbali, aongeze, zisipopapasika kabisa, apunguze. Mbwa anayenyonyesha huhitaji mara mbili ya kiasi hicho au zaidi, na watoto wa mbwa walishwe mara tatu kwa siku mpaka wafikishe miezi sita. Anayebadilisha chakula abadilishe polepole katika muda wa juma zima, maana maharage yakiingia kwa ghafla huleta gesi na kuharisha.

Katika mgao huo, dagaa ndiye mwenye kazi kubwa kuliko anavyoonekana. Huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo huleta protini na kalsiamu kwa pamoja. Mwenye uwezo wa kununua nyama mara nyingi hudhani kwamba anamtendea mbwa wake hisani kwa kuacha dagaa na kumpa mnofu mtupu. Kumbe mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili ukikosa kalsiamu huichota mifupani. Kwa mbwa anayekua matokeo yake ni miguu iliyopinda na mifupa inayovunjika kwa kuruka tu. Anayelisha nyama isiyo na mifupa aoshe maganda ya mayai, ayakaushe, ayasage yawe unga laini, kisha atie nusu kijiko cha chai kwa siku kwa mbwa wa kilo 15. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe kamwe, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha kali na kutoboa utumbo.

Dagaa mwenyewe anunuliwe kwa uangalifu. Wale wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga hupimwa kwenye mizani kwa bei ileile ya samaki. Chukua konzi moja, itie katika bakuli la maji, koroga, subiri kidogo, kisha utazame kilichotuama. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Wenye chumvi walowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

Sasa tuje kwenye pumba, ambazo ndizo zilizotufanya tuandike somo hili. Mvua za nyanda hizi huanza kati ya Oktoba na Novemba na huendelea mpaka Aprili au Mei. Mahindi yakivunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Tanzania inaijua sumu hii kwa msiba: mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125 katika mlipuko wa namna hiyohiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi. Nchini Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mbwa zaidi ya 70 waliripotiwa kufa kutokana na chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Kumbe hata mfuko wenye nembo nzuri hauponyi pale ambapo mahindi yenyewe yameharibika.

Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, sehemu kubwa ya sumu huondoka pamoja na ganda na kiini, na vyote viwili huishia katika pumba. Familia hula sembe iliyopungua sumu. Mbwa, kuku na nguruwe hupewa kile kilichokusanya sumu. Ongeza hapo desturi ya kuchambua mahindi yaliyooza na kuyatenga "ya mbwa." Kwa mbwa wa kilo 15, ambaye chakula chake cha siku zote ni hicho kimoja, huko ni kumlisha sumu kidogo kidogo. Wala kuchemsha hakusaidii: joto la jiko haliiangamizi sumukuvu. Tena haina budi isemwe kwamba pumba zinaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu wala kutoa harufu.

Kinga iko ghalani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na yahifadhiwe yakiwa makavu katika mifuko isiyopitisha hewa. Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo safi na kavu, tia chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka chini yote, yanafaa kuhifadhiwa. Mahindi yaliyoota kuvu yafukiwe. Kwa chungu cha mbwa tunashauri dona ya mahindi mazuri yaleyale ya familia. Ni ghali kuliko pumba, hatulikani hilo, lakini kilo nne na nusu kwa mwezi ni mzigo ambao nyumba nyingi zenye shamba zinaweza kuubeba.

Hatari ya pili inatoka machinjioni. Ini na mapupu mabichi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo huweza kuwa na uvimbe mfano wa mfuko wa maji. Ndani yake mna mbegu za tegu. Mbwa akiula, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza uwanjani huyapeleka kinywani kwa mikono yake. Miaka kadhaa baadaye uvimbe uleule huonekana katika ini au mapafu ya binadamu. Kwa hiyo viungo vyenye uvimbe vichomwe au vifukiwe kwa kina, na vilivyo salama vichemshwe kwa muda wa dakika 40 hivi. Kondo la nyuma la ng'ombe na ndama aliyeharibika mimba visiachwe kwa mbwa pia, kwa sababu ya ugonjwa wa brusela.

Mengine ni mafupi. Maharage yaive hasa, kwani mabichi yana sumu. Maganda ya mihogo michungu yasitolewe. Vitunguu, maji na saumu, huharibu damu ya mbwa, hivyo mchuzi uliokaangwa kwa vitunguu vingi haumfai. Wanaoanika kahawa wafunge mbwa: tunda lake ni tamu naye hulipenda, lakini kafeini humtetemesha na kuupiga moyo wake mbio. Machicha ya pombe yafunikwe.

Atakayependelea chakula cha mfuko asome jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viungo. Kinachopimwa kwa kilo kutoka katika gunia lililo wazi hakina hata kimoja kati ya hivyo, na tunashauri kisinunuliwe.

Mbwa akikataa chakula, akitapika, akilegea, na fizi zake au weupe wa macho ukigeuka manjano, acha mara moja chakula alichokuwa akila na umpeleke kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyohiyo. Usiimwage pumba iliyobaki. Ifunge kando, mbali na kuku, andika ilikonunuliwa na tarehe, na uende nayo, kwa kuwa bila hiyo hakuna cha kupimwa, na huenda gunia lililofunguliwa siku ile lingali linauzwa kwa jirani.